Kuku wa uyoga: Yajue haya kabla ya kulipa bili

Ijumaa jioni, mbogi imeamua lazima mtoke. Kwenye grupu ya WhatsApp mmoja anataka choma Kenyatta Market, mwingine anasema pizza. Halafu yule mwenzenu aliyeacha nyama anatuma picha ya menyu ya mkahawa fulani: "kuku" wa uyoga, mshikaki wa uyoga, baga ya uyoga, wali na uyoga wa nazi. Grupu inanyamaza. Dakika mbili baadaye mtu anaandika: "Lakini hapo mtu atashiba kweli?"

Usimcheke aliyeuliza. Kama wewe hutoka mara moja tu kwa mwezi, swali la kushiba ni swali la maana. Hutaki kumaliza mkwanja wako kwa sahani ya kupigia picha, kisha saa nne usiku unasimama stejini kununua smokie na kachumbari ndio ufike nyumbani.

Mikahawa inayouza vyakula vya kushibisha na kutuliza roho bila nyama, huku uyoga ukiwa ndio nyota wa meza, inapatikana katika miji mingi mikubwa duniani. Hapa Nairobi nako, sahani za uyoga haziko tena kwenye hoteli za watalii pekee. Iwe umealikwa, iwe unataka kumpeleka mtu deti, au una hamu tu ya kujaribu, kuna mambo ya kujua ili pesa yako isiende bure na tumbo lako lisikulaumu.

Vegani ni nani hasa?

Tuanze na jina. Watu wengi huchanganya asiyekula nyama na vegani. Asiyekula nyama anaweza kunywa chai ya maziwa, kula mayai na kupaka siagi kwenye mkate. Vegani haguswi na kitu chochote kilichotoka kwa mnyama: nyama, samaki, maziwa, mayai, samli, na wengi hawali hata asali.

Neno hilo lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, pale kikundi kidogo cha watu akiwemo Donald Watson walipoanzisha chama kiitwacho Vegan Society. Nyama walikuwa wameshaiacha. Walichotaka ni jina la kuwatofautisha na wenzao walioendelea kula mayai na kunywa maziwa.

Sasa kabla hujasema hayo ni mambo ya wazungu, hebu kumbuka ulichokula wiki hii. Githeri ya mahindi na maharagwe, haina mnyama. Mukimo, ikipondwa bila siagi wala maziwa, haina mnyama. Ugali kwa sukuma wiki iliyokaangwa kwa mafuta ya kupikia, hivyo hivyo. Ukiteremka Mombasa, kiamshakinywa cha mbaazi za nazi ni cha vegani kabisa. Chapo madondo ya kibandani nayo ni ya vegani, mradi tu chapati haikukandwa kwa maziwa wala kupakwa samli.

Isitoshe, Nairobi ina watu waliozoea meza isiyo na nyama tangu zamani. Mikahawa ya Kihabeshi hupika sahani ya kufunga, ile injera kubwa iliyozungukwa na dengu, kabichi na mboga, kwa sababu Wakristo wa Orthodox wa Ethiopia huacha nyama, maziwa na mayai siku nyingi za mwaka. Wahindi wa Parklands na Ngara wana mikahawa isiyoingiza nyama jikoni. Marasta wana chakula chao cha ital. Baadhi ya Waadventista nao hawagusi nyama. Kwa hivyo mkahawa wa uyoga ukifunguliwa mtaani kwako, unaingia kwenye mji ambao tayari unajua kula hivyo, hata kama haujiiti vegani.

Uyoga tulikuwa nao

Ukitoka upande wa magharibi mwa Kenya, nyanya yako anaweza kukufundisha zaidi ya menyu yoyote. Kwa Waluhya uyoga ni obwoba, kwa Waluo ni obuolo, na mvua ikinyesha watu walikuwa wanajua ni kichuguu kipi cha kukimbilia asubuhi.

Kichuguu si bahati mbaya. Kuna jamii ya uyoga, Termitomyces, ambayo inaishi na mchwa. Mchwa hawawezi kumeng'enya miti na nyasi vizuri peke yao, kwa hivyo wanazipeleka chini, wanaotesha ukungu juu yake, na kula kile kinachopatikana. Ni wakulima wadogo chini ya ardhi. Mvua zikija, bustani hiyo inachomoza nje kama uyoga, nawe unavuna usichopanda. Kwa sababu uhai wa uyoga huo umefungwa na mchwa, binadamu hajaweza kuulima kwa urahisi kama aina nyingine. Ndio maana hadi leo ukitaka wenyewe unangoja mvua.

Ukienda kusini zaidi, katika misitu ya miombo ya kusini mwa Tanzania, Zambia na Katanga kule Kongo, uyoga wa porini ni chakula na ni biashara. Msimu wa mvua ukianza, akina mama na watoto huuza mafungu yake kando ya barabara. Mmoja wao, Termitomyces titanicus, unaopatikana Zambia na Katanga, unaweza kuwa na mwavuli unaokaribia upana wa mita moja. Hebu fikiria baga ya huo.

Wapo Wakenya ambao kwao uyoga haukuliwa kabisa, na wazee wao waliuona kama kitu cha kuogopa. Hofu hiyo ina msingi wake, tutaifikia. Lakini mtu akikuambia eti uyoga si chakula cha Mwafrika, mwambie akaulize Kakamega.

Kwa nini unafanana na nyama mdomoni

Uyoga si mmea. Hauna majani ya kijani, hautengenezi chakula kutokana na jua, na wanasayansi wameuweka katika himaya yake yenyewe, himaya ya kuvu. Hilo si somo la darasani tu, linaonekana kwenye sahani.

Kuta za seli za mboga zinalainika zikipikwa, ndiyo maana sukuma iliyosahaulika jikoni inageuka uji. Kuta za seli za uyoga zimejengwa kwa kitu kiitwacho kitini, ambacho pia kiko kwenye gamba la kamba na la wadudu. Kitini hakiyeyuki kwa moto wa jikoni. Unaweza kuupika uyoga dakika kumi au arobaini na bado ukabaki na kitu cha kutafuna. Mpishi anayekaanga kwa haraka saa ya lanchi anaupenda kwa sababu hiyo, maana uyoga unasamehe.

Halafu kuna ladha. Mwaka 1908, mwanakemia Mjapani Kikunae Ikeda alitambua kwamba ule utamu mzito wa supu ya mwani unatoka kwa glutamati, akauita umami. Ni ile ladha unayoipata kwenye mchuzi wa nyama uliochemka muda mrefu, au kwenye nyanya zilizoiva na kukaangwa hadi zikawa rojo. Uyoga unayo glutamati. Uyoga aina ya shiitake ukikaushwa una pia kitu kingine, guanilati, na viwili hivyo vikikutana ladha inazidi mara kadhaa kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Kwa hivyo ulimi wako haukudanganyi ukisema "aisee, huu mchuzi una kitu."

Jambo la tatu ni maji. Kilo moja ya uyoga mbichi, karibu gramu 900 ni maji. Hapa ndipo wapishi wazuri na wabaya wanapoachana. Mpishi mbaya anajaza kikaango, maji yanatoka, uyoga unachemka kwenye maji yake na unakuja mezani ukiwa wa kijivu, unateleza kama kipande cha raba. Mpishi mzuri anatumia moto mkali, anaweka kidogo kidogo, anangoja maji yakauke, na kuuacha upate rangi ya kahawia. Ukiona umekuja na rangi hiyo, jua jikoni kuna mtu anayeelewa kazi yake.

Ukifungua menyu

Sahani ya kwanza utakayoiona ni "kuku" wa kukaanga. Mara nyingi huo ni uyoga wa oista, ule wa kijivu au mweupe unaoota kwa vishada kama masikio. Ukiuchana kwa mkono unatoka nyuzinyuzi kama paja la kuku, ndio maana umepewa jina hilo. Unachovywa kwenye rojo la unga na viungo, unavingirishwa kwenye unga mkavu, kisha mafuta moto. Uhukumu kwa sauti. Ukiuma usiposikia "krap", mafuta hayakuwa moto vya kutosha, na sasa unakula mafuta yenyewe, kwa sababu uyoga hufyonza mafuta kama sifongo. Ukiukamua kwa kitambaa cha karatasi na kikalowa chote, rudisha jikoni kwa upole.

Ya pili ni mshikaki. Hapa siri ni muda wa kulowekwa. Uyoga uliolala kwenye ukwaju, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, kisha ukachomwa juu ya makaa, unabeba moshi vizuri sana. Ule uliopakwa sosi baada ya kuchomwa utaujua tu, ladha iko nje na ndani hakuna kitu.

Ya tatu ni baga. Wengi hutumia portobello, ule mkubwa wenye mwavuli mpana. Hii hapa siri ambayo itakufanya uonekane mjanja mezani: portobello na ule uyoga mdogo mweupe wa duara unaouzwa kwa pakiti supamaketi ni aina moja, Agaricus bisporus. Tofauti ni umri na rangi. Mmoja umevunwa ukiwa mchanga, mwingine umeachwa ukakomaa na kufunguka. Kwa hivyo bei kubwa ya portobello haimaanishi ni mnyama mwingine. Baga nzuri ya uyoga ni ile ambayo mwavuli ulikaushwa maji yake kwanza. La sivyo mkate utalowa kabla hujafika nusu, na utakula iliyobaki kwa kijiko.

Ya nne, na kwa maoni yangu ndiyo ya kuagiza kama unaenda mara ya kwanza, ni uyoga uliopikwa kwa mchuzi: wa nazi, wa karanga, au wa nyanya na dania, kwa ugali, wali au chapati. Hauigizi kitu. Haujiiti kuku wala mbuzi. Ni uyoga kwenye mchuzi unaoujua, na mchuzi hauna mahali pa kujificha. Mkahawa ukikosea hapo, hata vile vya kukaanga vimefunikwa tu na unga na chumvi.

Na hapa ndipo wengi wetu hukosana na sahani hizi. Ukienda ukitafuta kuku, utarudi umekasirika, kwa sababu uyoga sio kuku na hautakuwa kuku. Hauna mfupa wa kufyonza wala ile ngozi. Ukienda ukitafuta uyoga uliopikwa vizuri, una nafasi kubwa ya kurudi ukiwa umefurahi.

Sasa, utashiba?

Jibu fupi: tumbo litajaa, lakini kama umekula uyoga na chipsi peke yake, njaa itarudi mapema.

Sababu ni protini. Gramu 100 za uyoga mweupe mbichi zina karibu gramu 3 za protini. Maharagwe yaliyochemshwa, kiasi hicho hicho, yana karibu gramu 9. Kidari cha kuku kilichopikwa kinafika karibu gramu 30. Kwa hivyo mtu akikuambia uyoga ni nyama ya maskini, au uyoga una protini kuliko nyama, hesabu zinamkataa. Uyoga una ladha ya nyama bila protini ya nyama.

Suluhisho liko kwenye menyu hiyo hiyo. Agiza kitu cha jamii ya kunde kando: ndengu, maharagwe, kamande, mbaazi, hata tofu. Uyoga unaleta utamu, kunde zinaleta nguvu, wali au chapati inafunga kazi. Ukiona mkahawa umeweka maharagwe kama sahani ya pembeni ya bei nafuu, hao wamewafikiria wateja wao.

Usidanganyike pia kwamba neno "vegani" kwenye kibao linamaanisha afya. Uyoga uliozamishwa kwenye mafuta, ukaletwa na chipsi, sosi ya chumvi na soda, bado ni chakula cha mafuta, chumvi na sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Sosi mbili tatu zinaweza kukufikisha karibu na hapo bila kujua. Kula kwa raha, ni siku ya kutoka, ila usijiambie umekula dawa.

Na ikiwa wewe mwenyewe unafikiria kuacha nyama moja kwa moja, kuna jambo moja usilolichezea: vitamini B12. Mwili unaihitaji kutengeneza damu na kulinda neva, na chanzo chake cha kawaida ni vyakula vya wanyama. Uyoga hauna ya kutosha, hata mtu akuapie. Vegani hulazimika kuipata kwa tembe au kwa vyakula vilivyoongezewa. Upungufu wake huja polepole, mtu anaanza kuchoka, vidole vinakufa ganzi, anafikiri ni msongo wa kazi. Zungumza na daktari au mtaalamu wa lishe kabla hujawa shujaa wa mtandaoni.

Mbona bei iko juu?

Utaona bei ya mshikaki wa uyoga inakaribia ya mbuzi, na utauliza kwani uyoga unalishwa nini. Swali zuri.

Kwanza, uyoga unapungua. Rundo linalojaza kikaango linabaki kiganja kimoja maji yakitoka. Ulicholetewa kwenye sahani kilianza kikiwa kikubwa zaidi ya unavyoona.

Pili, haukai. Uyoga uliovunwa leo, bila friji, kesho umeanza kulegea na kubadilika rangi. Mkahawa unaouza uyoga lazima upate mzigo mbichi kila mara, na unaooza ni hasara yake. Hasara hiyo imo kwenye bili yako.

Tatu, kuukuza kunahitaji usafi na subira. Mkulima wa oista anachukua mabua ya ngano, magunzi ya mahindi au maganda ya kahawa, anayachemsha au kuyapiga mvuke kuua vijidudu, anayapoza, anachanganya na mbegu ambazo kwa kweli ni nafaka zilizotambaliwa na ukungu wa uyoga, kisha anajaza kwenye mifuko na kuiweka chumba chenye giza na unyevu. Wiki kadhaa baadaye uyoga unachomoza. Mkono mchafu, joto likizidi au ukungu mwingine ukiingia, mifuko yote inatupwa. Ule mweupe wa duara ni kazi zaidi, maana unataka mboji iliyotayarishwa kwa hatua nyingi.

Lakini tazama upande wa pili. Hauhitaji shamba. Chumba kimoja, mabua ambayo mwenzako alikuwa anachoma, na maarifa. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kule Juja kimekuwa kikifunza wakulima na kuwapa mbegu za uyoga, na vijana wengi wameanzia kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba. Mkahawa unaonunua kwa vijana kama hao, pesa yako imerudi mtaani. Hiyo ni sababu halali ya kulipa zaidi. Taa za rangi na ukuta wa kupigia selfie, hiyo uamue mwenyewe.

Maswali ya kumuuliza mhudumu

Usione haya. Pesa ni yako na mwili ni wako.

Uliza kama mafuta ya kukaangia uyoga ndiyo ya kukaangia kuku. Kwa mkahawa unaopika vyote viwili, hilo hutokea, na kwa mwenzako vegani linaharibu kila kitu.

Uliza kama rojo lina yai au maziwa, kama chapati ina samli, na kama mchuzi umetiwa supu ya nyama au kiungo cha unga chenye ladha ya nyama. Kama una mzio wa ngano, soya au karanga, sema mapema, kwa sababu vyakula hivi vingi vimebeba kimoja au vyote vitatu.

Na ukiona menyu inajisifu kwa "uyoga wa porini", uliza ulichumwa na nani. Hapa ndipo ile hofu ya wazee ina haki yake. Kuna uyoga unaoua. Ule uitwao Amanita phalloides una sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa, na ubaya wake ni kwamba hautapiki mara moja. Saa sita, kumi na mbili au zaidi zinapita kabla tumbo halijachafuka. Baadaye unaweza kudhani umepona, kumbe ini linaharibika. Zile mbinu za kusema ukiliwa na wadudu ni salama, au kijiko cha fedha kisipogeuka rangi ni sawa, hazina ukweli wowote. Nyanya yako aliyekulia kichuguuni anaujua wake kwa macho na kwa miaka mingi. Wewe uliyeuona kwenye TikTok huujui. Usichume Karura, usichume nyuma ya hosteli. Nunua uliolimwa.

Mtu akila uyoga wa porini kisha akaanza kutapika au kuhara, hata kama ni siku iliyofuata, mpelekeni hospitalini haraka na mbebe mabaki ya uyoga wenyewe kama yapo.

Mezani na mwenzako

Kuna kitu kingine cha kufikiria kabla hujaandika "mimi siwezi kula majani" kwenye grupu. Yule mwenzenu aliyetuma menyu amekaa choma ngapi na nyinyi? Ameagiza kachumbari na ugali mara ngapi, akalipa bili mgao sawa na nyinyi mliokula kilo mbili za mbuzi? Ameulizwa mara ngapi kama ni mgonjwa, kama ameokoka, kama ni demu amemgeuza?

Watu huacha nyama kwa sababu nyingi: dini, afya, huruma kwa wanyama, mazingira, au mfuko. Huhitaji kukubaliana nazo. Jioni moja ya uyoga haikubatizi kuwa vegani, na kesho mutura bado iko pale kona. Ila kwa mara ya kwanza huenda mwenzako akasoma menyu yote badala ya mstari mmoja, na akaagiza anachotaka badala ya kilichobaki. Hilo lina thamani kuliko tofauti ya bei.

Nawe mwenye kuacha nyama, legeza kidogo. Ukiwaalika, usiwahubirie. Waagizie sahani za kugawana katikati ya meza, ya kukaanga moja, ya mchuzi moja, na madondo, waache chakula kiongee. Mtu hajawahi kubadilishwa na lekcha akiwa na njaa.

Jaribu kwako kwanza

Kama bado unaogopa kuwekeza bili nzima, anza jikoni kwako. Pakiti moja ya gramu 250 inatosha watu wawili wakiwa na kitu kingine kando.

Usiuloweke kwenye maji. Upanguse au uusuuze haraka na kuukausha. Kama jua lipo, uanike dakika kama thelathini saa za mchana, upande wa chini ukitazama juu, maana uyoga ukipigwa na jua hutengeneza vitamini D kama ngozi yako inavyofanya. Chana oista kwa mkono, ule mweupe kata vipande vinene.

Weka kikaango juu ya moto mkali bila mafuta. Tandaza uyoga usirundikane. Utasikia unalia na kutoa maji. Usiguse. Maji yakikauka na ukaanza kushika rangi ya kahawia, sasa ongeza mafuta, kitunguu, kitunguu saumu na chumvi. Tia nyanya mbili, ziive hadi ziwe rojo. Mimina tui la nazi kikombe kimoja, pilipili kiasi, lichemke hadi lizito, kisha dania juu. Pakua kwa ugali au chapati na ndengu za jana zikiwa kando.

Ukipenda hiyo, nenda mkahawani ukiwa na uhakika, kwa sababu sasa una kitu cha kulinganisha. Ukionja cha kwao uone kama wamekushinda. Wakikushinda, lipa kwa furaha na umwachie mhudumu kitu kidogo. Wasipokushinda, unajua njia ya sokoni.